Mabenchi Matupu ya Ulemo

Upumbavu wangu ulikuwa kuamini vumbi la Kiomboi. Siku chama cha kudai uhuru kilipomleta mgeni kutoka mbali kuhutubia mkutano wa hadhara pale, mimi nisiyependa kutoka nyumbani nilisimama juani katikati ya umati nisioona mwisho wake. Watu waliimba na kupunga majani, wakatimua vumbi, hata askari wa Bwana Shauri, yule Mzungu mtawala wa wilaya, wakawa wanachezesha miguu. Nikajisemea, hawa wote ni wamoja, na wote ni wetu.

Basi nikajitolea kufungua tawi kwetu Ulemo. Nilitangaza mkutano wa kwanza uani kwangu, Jumamosi asubuhi. Nikaazima mabenchi ya kanisa, nikapika mtungi wa togwa, nikavaa suruali ya shule iliyokuwa imeshaanza kunikataa kiunoni.

Jua likapanda, na kuku nao wakapanda mabenchi. Kutoka bondeni nilisikia nyimbo za watu waliokuwa wakilima pamoja shamba la mjane, sauti zilezile za Kiomboi. Nilikunywa togwa peke yangu, nikimhutubia jogoo kimoyomoyo. Aliondoka kabla sijamaliza.

Jioni jirani yangu mzee alipita na jembe begani. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza mbona Kiomboi walijaa vile na kwangu hakuja hata mmoja.

"Kule tulikwenda kumwona mgeni, mwanangu. Kwako tuje kwa lipi? Tangu utoke shule hujashika jembe kwenye shamba la mtu."