Meno ya Ukuta

Nyumba yetu ilikuwa nyumba mbili chini ya paa moja. Ilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya makarani, na baba aliipata alipokuwa karani yeye mwenyewe. Ukiitazama kutoka barabarani, kila kitu upande wa kushoto kilikuwa na mwenzake upande wa kulia: mlango na mlango, ngazi na ngazi, dirisha refu na dirisha refu. Katikati, ukuta mmoja ulipanda kutoka msingini hadi kwenye mabati na kubeba mbao za pande zote mbili. Wazazi walipofariki, dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alichukua upande wa ziwani. Mimi nilichukua upande wa mlimani.

Sikusomea ujenzi. Ninachojua nilikitoa katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokinunua sokoni Kavimvira kwa mwanamke aliyekuwa akikichana kufungia karanga. Humo nilijifunza kwamba ukuta wetu wa kati ulikuwa na matofali mawili yaliyolala sambamba, moja la kwangu, moja la kwake, na kila baada ya safu chache tofali lililovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili ili kuyafunga. Nilimweleza yaya, akacheka. Yeye alikuwa na matumizi yake ya ukuta huo. Bukari, ugali wetu, ikiiva, aliugonga kwa mwiko, nami nikatoka kwa mlango wangu na kuingia kwa wake.

Ziwa lilipopanda, lilianza na jikoni kwake. Watu walisema litashuka. Nilipaka utepe mwembamba wa plasta juu ya ufa wa ukuta wake wa mbele, kama kitabu kilivyoelekeza, ili nijue kama ufa unaendelea.

“Weye unabandika nyumba dawa kama kidonda,” aliniambia.

Utepe ulipasuka kabla wiki haijaisha. Sakafu ilizama upande mmoja, mlango ukakataa kufungika, na ikanibidi nimwambie jambo alilokuwa analijua: nusu yake itaanguka, na ikianguka yenyewe itavuta paa lote.

Alikubali ibomolewe. Alikuwa na shamba la mpunga Bwegera, la marehemu mume wake, akasema atapeleka matofali huko na kujenga chumba cha kungojea. Neno lake lilikuwa hilo, kungojea. Fundi alishusha mabati, kisha kuta, tofali baada ya tofali. Alipofika mahali ambapo ukuta wa mbele ulishikana na ule wa kati, alitaka kunyoosha ukingo. Yaya akamzuia.

“Achia meno, fundi. Maji ikishuka, minye nitarudia kuunga.”

Meno ni matofali yanayoachwa yametokeza, moja nje, moja ndani, ili siku moja ukuta mwingine uje kushikana nayo.

“Mama, unaachia mudogo yako nyumba yenye iko na meno? Itamuluma!”

“Imulume. Labda ataacha kusoma.”

Tulicheka sote watatu. Kisha akapanda lori, akaketi juu ya matofali yake.

Ukuta wa kati ukawa wa nje. Haukujengwa kwa kazi hiyo. Matofali yake yalishikwa kwa udongo, si kwa saruji, na juu kulikuwa na rangi tu, ile kijani ya chumba chake cha kulala. Kila mpita njia aliona misumari ambayo yaya alitundikia vitenge vyake, na weusi wa moshi pale palipokaa taa. Niliufunika kwa shitingi, turubai la plastiki. Kila tulipoongea kwa simu aliuliza habari za maji, kisha akauliza, “Meno iko?”

“Iko, yaya.”

“Bon.”

Alikufa kwa homa hukohuko Bwegera, kuta za chumba chake zikiwa zimefika magotini. Matofali yaliyobaki yalitumika kujengea kaburi lake. Nilimwangalia fundi wa kijiji akiyapanga, nikaona baadhi yalikuwa bado na rangi ya kijani. Aliyageuza, upande wa rangi ukaingia ndani, kwake.

Mvua za kwanza zilipita kwenye meno, ambako shitingi haikufika. Maji hutulia juu ya kila tofali lililotokeza, kisha huingia katika udongo. Pembe ya chumba changu ililowa na kuanza kumomonyoka. Kitabu hakina shaka juu ya hili: ukingo ambao hautaungwa ukatwe, kisha ukuta wote upigwe saruji. Nilimwita fundi yuleyule aliyebomoa. Aliyatazama meno, akanitazama mimi.

“Papa, nikate?”

“Kata.”

Niliingia ndani nikakaa mezani, mgongo kwenye ukuta. Fundi akaanza na nyundo. Mapigo yalikuja kutoka upande wa yaya, kama ya mwiko wake, na mimi nilikuwa nimekwisha kusimama na kufika mlangoni kabla sijakumbuka.