Ukuta Baridi wa Mama Mwadi

Mwadi alipokuwa msichana wa shule ya msingi, nyumba yao ya Kolwezi ilikuwa na friji. Baba yake, Mulumba, alikuwa karani wa bohari katika kampuni ya shaba ya serikali, na katika mstari wao mzima wa nyumba hapakuwa na friji nyingine. Majirani waliwaletea nyama ya sikukuu wawawekee, na mama yake hakuwahi kumnyima mtu nafasi.

Kisha ukaja ule mwaka watu wa Kasai walipoambiwa kwamba Katanga si kwao. Waliokuja kugonga mlango walikuwa wakiwajua kwa majina. Mulumba alifunga mizigo, akaipakia friji kwenye mkokoteni, wakaenda stesheni kungoja treni pamoja na maelfu ya wenzao. Walingoja majuma na majuma, chini ya maturubai na magunia, na friji imesimama palepale mvua ikiinyeshea. Siku treni ilipofika, watu wenyewe hawakuenea. Friji iliachwa pale penye reli, na mdogo wake Mwadi, aliyeshikwa na surua kwenye yale maturubai, aliachwa kwenye kaburi nyuma ya stesheni.

Mwadi alirudi Kolwezi akiwa mwanamke mzima, mchuuzi wa mahindi. Aliolewa na Stany Nkulu, mtu wa kaskazini mwa Katanga, mpole, msemaji wa maneno machache, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya kusafishia shaba. Walipata mtoto mmoja, Mignonne. Kampuni ilipoanguka, mishahara ilikatika mwezi mmoja, ikakatika mwaka, mwisho Stany akarudishwa nyumbani na wenzake wengi. Alichoondoka nacho akakinunulia kiwanja pembezoni mwa Kasulo, akafyatua matofali, akayachoma mwenyewe, akajenga kuta nene kama za kanisa la misioni. Mke wake akawalisha kwa biashara ya mpiodi, wale samaki wa barafu wanaoletwa katika maboksi na kuuzwa mmoja mmoja.

Lakini katika nyumba ile nzuri Mama Mwadi, kama watu walivyozoea kumwita, hakuweka kitu kisichobebeka. Kabati hakutaka, nguo zilikaa katika masanduku. Kitanda kilikuwa cha kufunguliwa kwa spana. Hata friza ya samaki alichagua ndogo, ambayo watu wawili wangeweza kuinyanyua bila kupumzika njiani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Stany, aliyelijua jambo lile la stesheni, hakumsumbua.

Kilichomsumbua ni umeme. Nyaya kubwa zilipita juu ya mtaa wao zikielekea migodini, zikivuma usiku na mchana, ila umeme wa nyumbani ulikuja ulipotaka. Samaki waliyeyuka, wakaganda tena, wakayeyuka. Wateja wakaanza kuwabonyeza macho kabla ya kununua. Mignonne, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa Lubumbashi, aliwasihi wazazi wake waache kuungojea umeme, watafute sola. Mama Mwadi alikubali kwa sharti lake lilelile, kiwe kitu cha kubebeka.

Walikwenda dukani kwa Aruna, Mwislamu mmoja ambaye babu zake walitoka upande wa Kasongo. Familia yake ilikuwa ya malori na biashara, na yeye aliuza paneli na betri karibu na soko kuu. Alikuwa mtu wa kuuliza kwanza kabla ya kuuza. Aliuliza wana friza ya namna gani, paa lao ni la nini, wanalala chumba kipi. Mama Mwadi alikuwa ameshaliona alilolitaka: kisanduku chenye mpini, betri na taa zake ndani, cha kuning'iniza mkononi kama ndoo ya maji.

Aruna alimwambia kile kingetosha taa na simu, friza hakingeiweza. Akawaonyesha nyingine. Kulikuwa na betri za maji kama zile za malori, rahisi kupatikana, lakini joto la mwezi wa kumi huzikausha maji, na mwenye nyumba akisahau kuziongezea hufa kabla ya masika ya pili. Kulikuwa na za jeli, zisizotaka maji, ila nazo zikikaa chini ya mabati ya moto huvimba mbavu. Mwisho akawapeleka nyuma ya duka, kwenye betri bapa, nyeupe, ya kufungwa ukutani. Hiyo, alisema, huvumilia joto kuliko zote, na ina kifaa ndani yake kinachoilinda: ikizidiwa hujizima yenyewe kabla haijaharibika. Stany aliuliza kama imetengenezwa kwa kobalti inayochimbwa pale kwao. Aruna akasema hapana, aina hiyo haina kobalti hata chembe. Stany alitikisa kichwa. Majirani zake walikuwa wakichimba mashimo ndani ya vyumba vya kulala kutafuta kobalti.

"Mi nataka kintu yenye naweza kubeba," Mama Mwadi akasema.

Aruna hakumshinikiza. Aliomba tu aje aione nyumba.

Alikuja jua likiwa utosini, akapita chumba hadi chumba akiweka kiganja kwenye kuta. Mama Mwadi alidhani betri ingekaa jikoni, kando ya friza. Aruna alikataa jikoni kwa sababu ya moshi na mvuke. Akakataa sebule kwa kuwa jua la jioni lilipiga pale. Sakafuni alikataa kabisa, maana masika unyevu hupanda kutoka chini, na vichwa vya nyaya hugeuka kijani. Katika chumba cha kulala, kwenye ukuta uliofunikwa na kivuli cha parachichi upande wa nje, aliacha mkono wake ukae. Akamwita Mama Mwadi naye auguse. Tofali lilikuwa baridi kama chungu cha maji.

Mama Mwadi alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Alijua anachoulizwa si betri. Kutoboa ukuta, kupitisha nyaya darini, kupigilia paneli juu ya paa, hayo ni mambo ya mtu anayejua kesho atakuwa wapi. Alimtazama mume wake.

"Mama Mignonne," Stany akamwambia, "hii nyumba ni ya matofali. Hatuko ku stesheni."

Wakakisogeza kitanda, betri ikafungwa.

Msimu wa mvua uliofuata ulikuwa mzuri kuliko yote aliyoikumbuka. Aruna alikuwa amepaka grisi kwenye vichwa vya nyaya na kuacha upenyo wa kupitisha hewa nyuma ya betri, na hata yale majuma ambayo nguo hazikauki kambani na mkate huota ukungu, haikulalamika. Mpiodi walikuwa wagumu kama mawe. Alinunua friza ya pili, kubwa, ya kubebwa na watu wanne. Halafu akanunua kabati. Stany alicheka kuliona lile kabati likipita mlangoni, na Mama Mwadi mwenyewe akacheka, akaona aibu kidogo, kama msichana.

Alama zilikuja kiangazi. Vijana wenye fulana za rangi moja walipita na ndoo ya rangi nyekundu, wakaandika msalaba na namba kwenye kila ukuta wa barabarani. Mama Mwadi alikuwa sokoni. Alirudi akaukuta msalaba wa kwao haujakauka. Mtaa ukasema mengi: kwamba ni sensa, kwamba ni maji ya bomba.  Stany alichukua kitambaa akajaribu kuufuta, ukasambaa, ukawa mpana zaidi.

Kwenye mkutano uliofanyika shuleni ndipo walipoelezwa. Chini ya mtaa wao kulikuwa na madini, eneo limepewa kampuni, watu watahamishwa na watafidiwa. Watu walizungumza hadi jua likashuka, kila mmoja akisimama kwa zamu, na wale waliokuwa mezani mbele walisikiliza vizuri sana, wakaandika kila kitu, wakashukuru. Hakuna kilichobadilika. Ndilo lililomchosha Mama Mwadi kuliko matusi. Wale wa utotoni mwake walikuja na marungu, mtu akajua la kukimbia. Hawa walikuja na chupa za maji ya kunywa na kumwita mama.

Mthamini alihesabu vyumba, milango, choo na parachichi. Alipofika chumbani akaitazama betri, akauliza kama inafunguka. Mama Mwadi, kwa ukweli wake, akasema inafunguka. Basi, akasema mthamini, hicho ni kitu cha kubeba, hakilipwi. Mama Mwadi alitaka kumweleza habari ya ukuta, ya kivuli, ya kiganja cha Aruna. Alifungua mdomo, akaona kijana ameshageukia dirisha na kuanza kulipima. Akaufunga.

Aruna mwenyewe ndiye aliyekuja kuifungua, bila kudai ujira. Alizikunja nyaya moja moja na kuziba vichwa vyake kwa nailoni.  Mashine ya kubomoa ilianza na nyumba ya jirani. Ilipofika kwao, zile kuta nene hazikukubali mara moja. Dereva alirudi nyuma, akaja tena. Stany alikaa juu ya lile kabati lililolazwa barabarani, mgongo ameupa nyumba, akasikiliza.

Waliwekwa nje ya mji, upande wa barabara ya Fungurume, mahali palipofyekwa hata nyasi. Waliahidiwa nyumba za matofali. Wakati wa kuzingoja walipewa za mabati, kuta mabati, paa mabati. Nguzo za umeme zilikuwa zimesimikwa, nyaya hazijaja. Aruna aliwafungia betri kwenye gogo katikati ya chumba, mbali na kuta, akaondoka akionya wasiiguse kwa maji.

Mwezi wa kumi ulipofika, kile chumba kilikuwa hakikaliki kuanzia saa nne asubuhi. Watu wote walikaa nje, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, wakihama nacho kadiri jua lilivyozunguka. Siku ya kwanza betri ilipojizima, Mama Mwadi alidhani imekufa. Jioni ikawaka yenyewe. Kesho yake ikazima mapema zaidi. Aliipepea kwa kipande cha boksi hadi mkono ukafa ganzi. Alipanga vyungu vya mchanga kuizunguka. Mwishowe, akijua kabisa alichoambiwa, aliloweka kitenge akaifunika. Ikatulia siku ile na ya pili. Mvua za kwanza zilipoanza, na joto lisitoke ila lichanganyike na unyevu, vichwa vya nyaya vikaota kijani, umeme ukawa haufiki kwenye friza.

Samaki wote wa friza kubwa waliharibika. Harufu iliwatoa hata majirani. Mama Mwadi alichimba shimo nyuma ya nyumba, akawafukia kwa jembe, na Stany akamsaidia kusukumia udongo kwa mguu. Alijitafuta moyoni kama ana hasira na mume wake kwa lile neno alilomwambia mbele ya ukuta. Hakuiona. Alimwona mzee amesimama na viatu vyenye tope, hajui aelekeze wapi macho.

Aliwaendea watu wa ofisi ya kampuni kuuliza habari ya nyumba za matofali. Walimpokea vizuri, wakampa kiti. Akaenda tena. Siku nyingine mlango ulikuwa umefungwa, na mlinzi hakujua wamehamia wapi.

Aruna alifika siku ya Jumapili, lori la ndugu yake lilipokuwa likipita njia hiyo. Aliifungua betri, akaisafisha kwa brashi kavu, akaipima. Mama Mwadi alisimama nyuma yake kama mtu anayengoja neno la daktari.

"Batri haiko na kosa, mama," Aruna akasema. "Inaomba nyumba."

Mama Mwadi akauliza kama hakuna dawa yoyote, kifuniko, feni, kitu. Aruna alijibu kwamba kila kitu angemuuzia, na kila kimoja kingekula umeme uleule au kupigwa na joto lilelile. Hakutaka kuchukua pesa zake bure. Ikiendelea pale, alisema, itafika kiangazi kijacho imekwisha. Alijua zahanati ya masista kule Musumba iliyokuwa ikitafuta betri ya friji ya chanjo, jengo la zamani, kuta nene. Kama angependa, angewapelekea, na chochote watakachotoa kingekuwa chake.

Mama Mwadi alimtazama Stany. Stany alitazama chini. Hapakuwa na wa kumwambia fanya au usifanye.

"Beba tu," akasema.

Wanaume wawili waliinyanyua bila taabu, wakailaza kati ya magunia ya unga, Aruna akaifunika kwa blanketi kukinga jua. Lori lilipoondoka lilitimua vumbi jekundu lililokaa hewani muda mrefu, maana siku hiyo hapakuwa na upepo.

Juma lililofuata aliuza friza zote mbili kwa mtu wa mjini mwenye umeme. Siku hizi hununua mpiodi alfajiri, huwapasua na kuwatia chumvi kabla jua halijapanda, kisha huwaanika juu ya mabati, ambayo kwa kazi hiyo ni mazuri sana. Wateja ni wachache, kwa kuwa kila nyumba pale inaanika wake. Nguzo bado zimesimama bila nyaya. Jioni Stany huenda kuzitazama, hutembea hadi ya mwisho na kurudi, na mke wake humwachia ugali chini ya sahani.