Siku Niliyoirudisha Miezi ya Mshtarii kwa Mkono

Naona aibu hata kuanza, lakini mkicheka chekeni taratibu, maana siku ile mimi sikucheka.

Nusu mwaka mzima nilikuwa nachambua picha za sayari kubwa ya Mshtarii zilizopigwa na darubini iliyoko angani, nikifuatilia miezi yake minne mikubwa, ambayo kwenye picha ni vidoti vyeupe tu. Siku ya kutetea kazi yangu chuoni ikafika, na ukianguka pale unarudia mwaka. Mimi, kwa kupenda urahisi, nikapeleka picha ichapwe bango Kariakoo, hatua chache kutoka kwetu Mchafukoge, kwa kaka Hashimu anayechapa mabango ya harusi (ndiyo, ya harusi, msiniangalie hivyo), nikamwachia nikaenda kunywa chai.

Nikalichukua limeviringishwa, nikaja kulifungua mlangoni pa ukumbi. Mshtarii inang'aa, miezi hakuna! Nikampigia simu.

"Dada, si nimekutolea vile vidoa?" akasema kwa fahari. "Mabibi harusi wangu wote nawafanyia hivyo, picha inatoka safi!"

Zimebaki dakika kumi. Hofu ikanipa akili mbovu: nikatoa mkobani ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu, nikaidondosha miezi yote minne, mmoja mmoja, kwa kukumbuka.

Ndani nikawaamkia shikamoo walimu watahini. Msimamizi wangu, mama mmoja ambaye hajawahi kupandisha sauti (na ndiyo maana tunamwogopa), akaitikia marahaba, akalisogelea bango, akauinamia mwezi wa mwisho, ambao ulikuwa bado haujakauka. Namwomba Mungu asiuguse. Akaugusa.

Akageuka, kidole juu, cheupe.

"Binti, huu mwezi umeupata wapi?"

Nikalia, nikasema yote, bango na rangi na chai. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Picha halisi zilikuwa nyumbani kwenye kompyuta. Ningesema ukweli mapema wangenisubiri. Badala yake wakaamuru kazi yangu yote ikaguliwe upya, kidoti kwa kidoti, kwa wiki tatu nzima.

Nilifaulu, alhamdulillahi, na rangi ile niliitupa, sitaigusa tena maishani. Ila mpaka leo nikimpelekea mama yule picha yoyote, kabla hajasoma neno, kwanza anapitisha kidole.