Seva ya Peke Yetu

Mdogo wangu alinionya mara mbili, na mara zote mbili nilimkumbusha kwamba mwenye ofisi ni mimi.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja hapa Butembo, juu ya duka la mabati. Nilianza na mashine ya fotokopi, nikiwachapia watu barua zao. Mengine nilijifunza kwa kuuliza na kwa kuharibu. Aliyesoma ni yeye. Alitoka chuo kikuu na diploma ya informatiki, yaani mambo ya kompyuta, nami niliacha masomo katikati ya sekondari ili asome. Sisemi hivyo nisifiwe. Nasema ieleweke kwa nini, tulipobishana, yeye alikuwa na hoja na mimi nilikuwa na neno la mwisho.

Kazi ilitoka kwa ushirika wa wakulima wa kakao upande wa Oicha. Siku hizi wanunuzi wa ng'ambo wanataka kujua kila mfuko umetoka shamba la nani, na mipaka ya shamba hilo iko wapi. Wapimaji wa ushirika walizunguka mashamba kwa miguu, simu mkononi, simu ikichora mstari. Walipopata mtandao, vipimo vilikuja kwetu, na simu, kwa kuwa zilikuwa dhaifu, zikafuta vya jana ili zipokee vya kesho. Shamba lisilo kwenye orodha yetu, kakao yake haikupokelewa.

Orodha ilikaa kwenye mashine pepe mbili. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake; inaishi ndani ya kompyuta kubwa, yaani seva, iliyo mbali kwa kampuni inayoikodisha. Yetu moja ilikuwa ya kazi, ya pili ya akiba, ikinakili ya kwanza kila saa. Mwanzoni tulikaa kwenye seva za pamoja, tukichangia na wateja tusiowajua. Siku nyingine mmoja wao alikuwa na kazi nzito, nasi tukatambaa. Wapimaji walisimama njiani kule Oicha wakitazama simu ambazo hazikutuma kitu.

Ndipo rais wa ushirika akaja Butembo. Aliketi mbele yangu bila kuvua koti.

"Mama, hii liste iko na majina na mashamba. Mutu mubaya akiiona, anajua nani analima wapi. Kule inalala na nani?"

"Na wateja wengine."

"Donc na batu hamujue," akasema; yaani, basi inalala na watu tusiowajua.

Alipoondoka, mdogo wangu alinieleza taratibu. Kwenye seva ya pamoja kila mashine ina kuta zake. Jirani anaweza kukupunguzia nguvu, hawezi kukuchungulia. Majina tungeyafungia kwa ufunguo wetu wenyewe. Na kama shida ni mwendo, tungelipia nguvu iliyotengwa kwa ajili yetu bila kuchukua seva nzima.

"Mi nataka seva nzima," nikasema.

"Yaya," akasema, anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "seva nzima ni mashine moya. Zetu zote mbili zitaingia mule mule. Ikikufa, zinakufa pamoja. Kwa ya pamoja, hii inakaa fasi moya, ile fasi ingine."

"Njo vizuri zikae pamoja."

"Yaya, hizi hapana batoto."

Alijua anachogusa alipotaja watoto. Baba alipokufa, na mama akamfuata, baba wadogo waliketi mwisho wa matanga kama desturi inavyotaka, wakatugawana. Mimi niende Vuhovi, yeye Kasugho, mdogo wetu wa kike Oicha. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alichukua mdomo aliodhani ataweza kuulisha. Nilisimama mlangoni nikasema hakuna mtoto atakayetoka katika nyumba hii. Walicheka, kisha wakaona sicheki, wakatuacha. Niliwalea wote wawili chini ya bati moja, na tangu hapo nilijua njia moja tu ya kulinda kitu: usikitawanye, usikilaze kwa watu.

Tukahamia seva ya peke yetu. Lazima niseme kwamba ilikwenda vizuri. Vipimo vilipanda haraka, wapimaji waliacha kunipigia simu, rais alituma salamu. Nilifungua orodha asubuhi nikaiona imekaa kimya mahali pake, bila jirani. Nilifurahi kama mtu aliyejenga ukuta.

Mara ya pili mdogo wangu aliomba tuweke nakala ya tatu nje, hata kwenye diski hapa ofisini. Nilimwonyesha watu waliojazana kusubiri fotokopi.

"Hapa? Kila mutu anaingia."

"Basi fasi ingine yoyote, yaya."

"Hapana."

Asubuhi moja skrini haikufunguka. Mdogo wangu alijaribu njia zote anazozijua huku nimesimama nyuma ya kiti chake. Kabla ya saa sita kampuni iliandika: seva imeharibika, na diski zilizokuwa ndani yake hazikuokoka. Wanasikitika. Wanaweza kutupa nyingine, tupu. Wapimaji walikuwa wamefanya kazi majuma sita, na simu zao zilikuwa zimekwisha kufuta karibu vipimo vyote.

Mdogo wangu aliisoma barua hiyo mara mbili, akainuka kwenda kuninunulia maji. Hakusema alinionya. Angesema ningemkaripia, na ingenisaidia.

Nilipanda gari kwenda Beni, na kutoka Beni hadi Oicha, kuwaambia wenyewe. Walikusanyika katika ukumbi wa kanisa. Nilisema kosa ni langu, si la kampuni wala la mdogo wangu, na kwamba tutapima upya. Vijana wa upimaji walitazama chini. Mama mmoja aliyekaa mbele, mwenye shamba ndani kabisa upande wa msitu, aliinua mkono.

"Yangu walipima ile siku njia ilikuwa wazi," akasema. "Sasa askari wamefunga. Utapima na macho?"

Wengine wakacheka kidogo. Nikamwambia nitasubiri njia ifunguliwe.

"Wewe utasubiri. Kakao iko nasubiri?"

Nilimwomba rais wa ushirika anitafutie kibali cha kupita. Nilirudi Oicha mara tatu kukifuatia, na mara ya tatu askari wa kizuizi cha njiani aliniambia kwa Kilingala niende nyumbani. Mashamba ya karibu yalipimwa tena, nami nilitembea na wapimaji mpaka miguu ikavimba. Ya ndani yalibaki. Mdogo wangu alirudisha kazi kwenye seva za pamoja, kila mashine mahali pake, majina chini ya ufunguo, nakala ya tatu mbali kabisa. Aliniuliza, "Yaya, sasa unakubali?" Nikamwambia afanye. Tangu siku hiyo kazi haijasimama hata mara moja, na kila siku isiyosimama inaniambia ilikuwa rahisi kiasi gani kumsikiliza.

Msimu wa kununua ulipofika, magari ya ushirika yalipakia kakao ya walio kwenye orodha. Yule mama hakuwemo. Mavuno ambayo watu wake walikuwa wamekwisha kuyatoa kabla njia haijafungwa aliyauza kwa mchuuzi wa pikipiki asiyeuliza shamba liko wapi, na asiyekubali kuulizwa bei. Nilimkuta yule mama akifunga mifuko kwenye pikipiki.

"Mama wa mashine," akaniambia, bila kuniangalia. "Shika huku, mufuko usianguke."

Nikashika. Yule mchuuzi akafunga kamba.