Hatufagii Mpaka Afike

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fulana ya manjano, glavu kubwa kuliko mikono yangu, na ufagio wa kusukuma, ule mpana wenye mpini mrefu. Huinami nao kama wa kwetu. Unausukuma mbele kama mkokoteni. Msimamizi wa maegesho akanionyesha lami iliyoanzia barabarani ikaenda hadi karibu na ziwa. "Yote hiyo ni yako," akasema. Nikadhani ananitania.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa bado michanga. Nilikuwa nimekuja Toronto kwa binti yangu, nesi, tukikaa mtaa wa Regent Park. Mimi ni wa darasa la nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini kufagia najua, na nasema bila haya. Unaanzia upepo unakotoka, unasukuma taka unakoelekea. Ukishindana nao utakula vumbi mpaka jioni.

Katikati ya lami kulikuwa na bamba jeupe lenye pembe tano. Nikalikanyaga, msimamizi akacheka.

"Mama Wakesho, umesimama nyumbani."

"Nyumbani gani? Mbona sioni hata ukuta!"

Ndipo akanieleza, nusu kwa maneno mepesi, nusu kwa mikono. Hapo palikuwa uwanja wa besiboli. Mpigaji husimama kwenye bamba hilo, ambalo wao huliita nyumbani, anaupiga mpira kwa rungu, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu. Asipofika tena nyumbani, kazi bure. Msimamizi mwenyewe alichuuza karanga humo ujanani. Uwanja ulikuwa mbovu, wajukuu zangu! Ulijengwa kwa ajili ya mchezo mwingine, besiboli ikabanwa humo kama mgeni asiye na kitanda. Viti vingine vilitazama kando, ukitaka kuona mchezo unageuza shingo kama bundi. Mabenchi yaliunguza makalio wakati wa joto na kuyagandisha wakati wa baridi. Mashakwe, wale ndege weupe wa ziwani, walinyang'anya watu vibanzi mkononi. Na upepo wa ziwa ndio usiseme, ulichezea mipira ulivyotaka.

"Tuliulaani kila siku," akasema. "Halafu timu ikahamia uwanja mpya wenye paa, huu wa zamani ukavunjwa. Nikalia kama mtoto."

Nilikuwa bado kwenye majaribio, yaani wakikuchoka wanakufukuza bila maelezo, asubuhi moja alipokuja mzee na kopo la kahawa. Akapiga magoti, akamimina jivu juu ya bamba. "Kaka yangu," akaniambia. "Hapa ndipo alipopenda." Akavaa kofia yake, akaenda zake, kopo akaliacha.

Kwetu mtu huzikwa udongoni, hachomwi. Nikabaki nimesimama na ufagio wangu. Msimamizi akatoka kibandani mbio.

"Mama Wakesho! Fagia hapo, magari yanaingia."

"Sifagii."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Kuna mtu hapo."

Akatazama kopo, akatazama chini. "Hilo ni jivu, Mama."

"Ni jivu la kaka wa mtu. Kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi mpaka tujue amefika. Ukifagia nyuma yake, unamfukuza. Huyu ametoka sasa hivi."

"Na atafika lini?"

"Nitajuaje? Mimi sijawahi kufa."

"Unajua uko kwenye majaribio?"

"Najua. Na binti yangu anajua, na friji yetu pia inajua."

Nikachukua koni, zile pembe za rangi ya chungwa za kuzuia magari, nikalizungushia bamba. Magari yakaanza kuingia, madereva wakapiga honi, mstari ukapinda. Msimamizi akaja akainua koni moja. Nikajua basi, kesho niko nyumbani naosha vyombo vya binti yangu.

Akaiweka mbali zaidi. "Hapa," akasema. "Malori yana magurudumu mapana."

Mchana upepo ukatoka ziwani, ule ule waliokuwa wakiulaani. Ukamwinua kaka wa watu kidogo kidogo, ukampitisha juu ya uzio, ukaenda naye. Msimamizi alikuwa amevua kofia.

"Amevuka uzio," akasema. "Kwenye mchezo wetu, mpira ukivuka uzio, mpigaji anarudi nyumbani hata akitembea."

"Basi sasa nafagia," nikasema.

Majaribio nikayapita. Nikapandishwa kupanga koni, kisha kibanda cha tiketi, mwisho nikawa mkubwa wa wafagiaji. Walikuja wakubwa wa ofisini wenye tai, wakaondoka. Msimamizi wangu alibaki, akaota mvi. Mjukuu wangu anayecheza besiboli mtaa wa Agincourt nikimwambia nilifanya kazi uwanjani, ananijibu kwa Kiingereza kwamba pale ni maegesho tu. Namwambia kaa chini, kula, usimbishie nyanya yako.

Magoti yakanistaafisha. Siku ya mwisho walininunulia keki, makombo yakatapakaa sakafuni kibandani. Nikashika ufagio, msimamizi akaninyang'anya. "Wewe nenda," akasema. Nikaudhika kidogo. Sijapata kuacha uchafu nyuma yangu.

Nikapanda tramu, nikafika, nikavua viatu. Simu ikalia.

"Mama Wakesho, umefika?"

"Nimefika. Kwani kuna nini?"

Nikamsikia akiwageukia wenzake.

"Haya, amefika. Fagieni."