Waliponiacha Nirushe

Nilipohamishiwa Isiolo kufundisha, miaka ya sabini ikielekea mwisho, sikuwa na mtu wa kunywa naye chai. Nikajiunga na timu ya walimu ya mpira wa kikapu, angalau nipate watu wa kuniita kwa jina.

Tulipocheza na vijana wa mjini, kila nikishika mpira hakuna aliyenikaribia. "Mwacheni huyo," walisemezana. Nikajua wameniogopa. Basi nikawa narusha kutoka mbali, karibu na mstari wa kati. Mwalimu Ekal alisimama peke yake chini ya ringi, mikono juu, akiniomba pasi. Sikumpa. Siku hizo kikapu cha mbali kilikuwa na pointi sawa na cha karibu, lakini nilijiambia cha mbali ndicho watu watakachokumbuka. Mpira ukagonga chuma. Mwingine ukapita juu ya ubao ukatawanya mbuzi. Nikarusha tena.

Tulishindwa vibaya. Guyo, nahodha wao, akavuka uwanja kuja kunisalimu. Nilitabasamu hadi jino la mwisho.

"Salaam aleikum, mwalimu. Jumamosi ijayo utacheza?"

"Nitacheza, ndugu yangu."

"Tafadhali usikose," akasema kwa upole, wenzangu wakisikia. "Kocha alituambia tusikuguse. Ukirusha wewe, mpira unarudi kwetu."

Walimu wakacheka, Ekal kuliko wote. Mimi nikaendelea kuushika mkono wa Guyo, maana hakuna mwingine aliyeninyooshea wake.