Warudi Mlimani

Hebu mwone mama huyu akiingia ukumbini, mkoba kwapani, hana haraka: ndiye mwenyekiti mpya wa bodi ya shule zote mbili, ya bondeni na ya mlimani. Zamani aliongoza shule ya bondeni. Kila mtihani ulipokaribia, mwalimu mkuu wa mlimani alimhamishia wanafunzi wake dhaifu, kisha akamcheka kikaoni: "Dada, unafundisha au unalea?" Bondeni ikashika mkia, mama akavuliwa cheo.

Leo, hata hajakaa vizuri, ameamuru wanafunzi wote waliohamishiwa bondeni mwaka huu warudi mlimani kabla ya mtihani.

"Mama, utanimaliza! Cheo changu!" akalia yule mwalimu mkuu wa mlimani.

"Wafundishe, kaka. Au na wewe unalea?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Lakini wale watoto wanaorushwa huku na huku, nani atawafundisha?